Siku Sita za Konstebo Aciro

Watoto wengi hulelewa kwa hadithi za sungura na fisi. Aciro alilelewa kwa hadithi ya risasi moja iliyopotea.

Baba yake, Sajini Okidi, alikuwa mtunza ghala la silaha katika kituo kimoja cha polisi ambacho hatutakitaja jina, maana risasi ni risasi na wakubwa wana masikio. Familia ilikaa Naguru, kwenye nyumba za askari, chumba kimoja chenye pazia katikati. Baba alikuwa Mwacholi wa kanisani. Mama, Munirah, alikuwa Mnubi wa msikitini. Kwa kuwa hakuna aliyekubali kujifunza lugha ya mwenzake mpaka mwisho, nyumba ile iliendeshwa kwa Kiswahili cha kambini, kile kisichojali sana ngeli lakini kinajua kuamuru. Na kila mtoto alipovunja kitu akakificha, Okidi alimketisha kwenye kigoda akamsimulia.

Asubuhi moja, alisema, alihesabu risasi akakuta moja haipo. Hakungoja mkaguzi aje. Alifunga kamba za viatu, akaenda kwa mkubwa wake, akapiga saluti, akajiripoti. Mkubwa yule angeweza kumvua sare siku ile ile. Badala yake alimpa wiki mbili za lindo la ziada, basi. "Unaona?" Okidi alimalizia, kidole juu. "Heri nusu shari kuliko shari kamili. Makosa ukipeleka mwenyewe, inapungua kwa njia."

Hadithi ikamwingia Aciro kama chumvi kwenye mchuzi. Akiwa na miaka saba alivunja chupa ya chai ya mama yake, akatembea na vipande mkononi mpaka kwa jirani alikokuwa mama, akajiripoti mbele ya wageni. Alipokuwa konstebo, alichelewa kazini dakika sita siku ambayo hata mkuu wa kituo alikuwa hajafika. Mtu mwenye akili zake angeketi kaunta akafungua kitabu cha matukio. Aciro alisimama mlangoni pa ofisi akamngoja mkuu wake, Afande Erinayo, ili amwambie kwamba amechelewa. Erinayo alicheka mpaka akatoa leso, kisha akampa uwanja wa kufagia, kwa sababu kosa likishasemwa haliwezi kuachwa hivi hivi. Tangu hapo wenzake walimwita polisi anayejikamata. Aciro mwenyewe alicheka pamoja nao. Hakujua kwamba siku moja hatacheka.

Alikuwa ametimiza miaka kumi kazini kwenye kaunta ya kituo chake, upande wa Makindye, na kitu kimoja tu alichokitaka kwa moyo wote: kusoma sheria. Alikuwa ameandika maelezo ya watu wengi mno. Alimwona mjane akija na machozi kuhusu kiwanja, akamwandikia kurasa tatu kwa mwandiko wake mzuri ulionyooka, halafu mwanasheria wa upande wa pili akaja na viatu vyake vya ncha, akasema sentensi mbili, na zile kurasa tatu zikawa karatasi ya kufungia karanga. Aciro hakumchukia yule mwanasheria. Alimwonea wivu. Alitaka kuwa na sentensi mbili za namna ile, azitumie upande wa mjane.

Basi likatoka tangazo. Kulikuwa na shirika lililowalipia watumishi wa umma kusoma sheria jioni, mpaka shahada. Sharti la kwanza: usizidi miaka thelathini na miwili. Aciro alikuwa na thelathini na mmoja. Sharti la pili: ufaulu mtihani wa kuingilia, unaofanywa mara moja kwa mwaka, na alama ya kupita ni sitini. Asiyefika sitini hakuruhusiwa kuurudia kabla ya miaka mitatu. Hapo kila mtu anaweza kupiga hesabu mwenyewe: kwake yeye, kushindwa mara moja ni kushindwa daima.

Alisoma miezi minane, pamoja na Nasif. Huyu Nasif alikuwa konstebo mwenzake, kijana wa Kinubi kutoka Bombo, mdomo mwingi, mvivu kuliko paka wa msikitini, lakini roho safi. Walikaa nyuma ya kituo baada ya zamu, kwenye benchi la mashahidi, wakajibu mitihani ya miaka iliyopita huku saa ya simu ikihesabu. Kila waliposahihisha, Aciro alimshinda. Si kwa mbali sana, alama tano, alama saba, lakini kila mara. Nasif alikuwa akisema, "Dada, mimi nakufuata tu. Wewe pita mbele, mimi nashika koti."

Mtihani ulifanyika Jumamosi, katika ukumbi wa shule moja mjini, watu mia mbili na kidogo, kila mmoja na meza yake na kalamu zake mbili za risasi. Ulikuwa na sehemu tano. Ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili ilikwenda vizuri zaidi, mpaka Aciro akajikuta anatabasamu na karatasi. Ya tatu aliimaliza dakika nne kabla ya wakati, akarudi nyuma akakagua.

Kisha ikaja ya nne.

Waliotunga sehemu ile Mungu anawajua. Watu saba wameketi meza ya mviringo. Mwenye kofia haketi karibu na daktari. Mwalimu ameketi wa tatu kutoka kwa mtu ambaye hakuketi alipoketi jana. Katika mitihani yote ya zamani waliyoifanyia mazoezi hakukuwa na kitu cha namna hiyo. Aciro alichora meza, akaifuta, akachora nyingine. Jasho likamtoka viganjani hadi karatasi ikalowa. Alisikia mtu nyuma yake akivuta pumzi kama anayepanda mlima, na badala ya kujua kwamba na wengine wamekwama, alidhani yule anaharakisha kumpita. Kengele ilipolia alikuwa amejibu maswali kumi na manne kati ya ishirini na matano. Kumi na moja yalikuwa meupe. Sehemu ya tano aliijibu, na mpaka leo hakumbuki hata swali moja lililokuwamo.

Nje alimkuta Nasif ameegemea ukuta anakula rolex, ile chapati ya kuviringishia mayai, yai linamchuruzika kidoleni.

"Wallahi, ile ya nne imetukanyaga," Nasif alisema. "Kama lori ya soko ya Kikuubo. Mimi naacha kumi na nne, tupu kabisa. Wewe?"

"Kumi na moja."

"Ah! Umenishinda tena." Akaendelea kula. Aciro alimtazama akashangaa mtu anawezaje kumeza.

Kabla hawajatawanyika, msimamizi aliwasomea tangazo la mwisho. Mtahiniwa asiyeridhika na kazi yake anaweza kufuta alama zake ndani ya siku sita, yaani mpaka Ijumaa saa kumi na moja jioni, kwa kutia sahihi fomu katika ofisi ya mtihani. Akifuta, itakuwa kama hakufanya, na mwakani ataruhusiwa kurudi. Asipofuta, matokeo ni matokeo. Watu wengi hawakusikiliza hata. Aciro alisikiliza kila neno, na jina lake likawa kama limeitwa.

Jumapili hakulala mchana wala hakula. Jumatatu aliandika tarehe vibaya kwenye kitabu cha matukio. Kitabu kile hakifutwi. Ukikosea unapiga mstari mmoja juu ya kosa na kutia sahihi pembeni, ili kila atakayekuja aone kwamba ulikosea na ukakiri. Alipiga mstari, akatia sahihi, akabaki anautazama. Maskini, hata kitabu kilikuwa kinamshauri.

Jumanne Afande Erinayo alimwita akamuuliza ana ugonjwa gani. Aciro alimweleza yote. Erinayo alikuwa mtu wa maneno machache, aliyekaribia kustaafu, na hakucheka safari hii.

"Wewe ni polisi," alisema. "Polisi napeleka mutu kotini. Hapana hukumu. Sasa wewe nakamata, wewe nahukumu, wewe nafunga. Achia hakimu kazi yake, Aciro."

Lilikuwa shauri zuri, na lingetosha kwa mtu mwingine. Nasif naye alimwambia kwa namna yake: hata yeye alifikiri kufuta, lakini ofisi iko mbali, na fomu ina kurasa mbili, na Ijumaa ana swala. Aciro alimwona mpumbavu. Alimwonea huruma, kwa kweli, huruma ya mtu mwenye akili kwa mtu anayetembea kuelekea shimoni akipiga mluzi.

Jumatano, baada ya zamu, alikwenda Kisugu kwa baba yake. Okidi alikuwa amestaafu miaka tisa, mjane, anakaa nyumba ya vyumba viwili yenye baraza la saruji. Hakuna gwaride lililomngoja popote duniani, lakini kila siku alipiga viatu vyake kiwi mpaka ukaweza kujitazama. Aciro alimkuta barazani na kiatu kimoja mkononi. Akamsalimu, akaketi kwenye kigoda, kile kile cha Naguru, akaeleza.

Mzee alisikiliza bila kuinua macho. Kisha akauliza kama anavyouliza ofisa.

"Wewe nakosa?"

"Nimekosa, Baba."

"Wakubwa najua?"

"Bado. Hawajasahihisha."

"Mpaka lini?"

"Ijumaa jioni naweza kufuta."

Okidi alitema mate kidogo juu ya ncha ya kiatu, akasugua. Alifungua mdomo. "Lakini..." alisema, akanyamaza. Kitambaa kilisimama hewani. Aciro alingoja. Alikumbuka baadaye jinsi alivyongoja, kwa muda wa kutosha mtu kuvuka barabara, na jinsi macho ya mzee yalivyokwenda kwenye kiatu cha pili kilichokuwa sakafuni, yakarudi.

"Lakini nini, Baba?"

"Hapana. Maneno ya zamani." Akaanza kusugua tena, kwa nguvu zaidi. "Wewe najua hadithi ya mimi. Heri nusu shari."

Ijumaa saa tisa alasiri Aciro alikuwa ofisi ya mtihani, amevaa sare, viatu vinang'aa. Karani alikuwa dada mmoja mpole, kitambulisho kifuani kikisema Olivia. Alimpa fomu, kisha akaiwekea mkono juu kabla Aciro hajaivuta.

"Nnyabo, mama, uko na hakika? Ukisaini, karatasi yako inaharibiwa bila kusahihishwa. Hutajua ulipata ngapi. Hata mimi sitajua. Hata uje na barua ya waziri."

"Nina hakika."

"Wengi huja hapa wanalia, halafu wanarudi nyumbani bila kusaini. Hakuna anayewacheka."

Aciro hakulia. Alisoma kurasa zote mbili, akaandika kwa ule mwandiko wake ulionyooka: nafuta kwa hiari yangu. Akatia sahihi na namba yake ya kazi, ingawa hakuna aliyemwomba namba ya kazi. Alipotoka nje alijisikia mwepesi. Hili ndilo asilopenda kulikumbuka. Alinunua ndizi, gonja la kuchoma, kwa mama mmoja kando ya barabara, akalila lote akiwa amesimama, na lilikuwa tamu. Alikuwa amejiripoti, adhabu ilikuwa nusu, na mwaka ujao ulikuwa upo.

Wiki ya tatu matokeo yakatoka. Nasif aliingia kituoni na bahasha wazi, akamwona Aciro kaunta, akageuka kutaka kutoka. Alikuwa hajui kuficha kitu, maskini; uso ulikuwa unacheka na huku anauvuta chini.

"Lete nione," Aciro alisema.

"Si muhimu, dada."

"Nasif. Lete."

Alama sitini na nne. Amepita. Chini ya alama kulikuwa na maelezo ya mistari mitatu kwa herufi ndogo, ambayo Nasif, kwa uvivu wake, alikuwa hajayasoma. Aciro aliyasoma, kwa sababu yeye husoma kila kitu. Yalisema kwamba sehemu ya nne ilikuwa na maswali ya majaribio, yaliyowekwa ili kupimwa kwa matumizi ya miaka ijayo, na kwamba haikuhesabiwa katika alama ya mtahiniwa yeyote.

Aliyasoma mara mbili. Akamrudishia Nasif barua, akamshika mkono akampongeza, na pongezi ile ilikuwa ya kweli. Kisha akafungua kitabu cha matukio kwenye ukurasa mpya, ingawa ule wa zamani ulikuwa na nafasi, na akakaa ameshika kalamu.

Aciro hakumwambia baba yake kuhusu sehemu ya nne. Alimwambia tu, "Nitarudia mwakani, Baba," na mzee akaitikia kwa kichwa. Akarudi kusoma. Sasa alisoma peke yake kwenye benchi la mashahidi, kwa kuwa Nasif jioni alikuwa darasani. Alisoma meza za mviringo mpaka akaziota. Alitimiza thelathini na miwili mwezi wa tatu. Mwezi wa tano likatoka tangazo, fupi, karatasi moja iliyobandikwa kwenye ubao wa kituo kati ya ratiba ya zamu na picha ya gari lililoibwa: shirika limesimamisha ufadhili, waliokwisha kuingia wataendelea, wapya hawatapokelewa. Hakuna aliyekosea. Fedha zilikwisha huko zilikotoka, na mambo ya dunia ndivyo yalivyo.

Jumapili ile alikwenda Kisugu baada ya misa ya kwanza. Baba alikuwa barazani na viatu vyake. Aciro alimweleza habari ya ufadhili, na kwa kuwa sasa hakukuwa na kitu cha kulinda, akamweleza na ile nyingine: kwamba sehemu iliyomtisha haikuwa na alama, kwamba Nasif aliacha wazi maswali mengi kuliko yeye na leo anasoma sheria.

"Kama ningeshindwa, Baba, ningekubali," alisema. "Ningejua nimeshindwa. Sasa sijui. Naamka nasema sitini na nane. Nalala nasema sabini. Nilikuwa na alama yangu mahali fulani, mtu akaichana, na mtu huyo ni mimi."

Okidi aliweka kiatu chini. Alionekana mzee kuliko wiki iliyopita.

"Ile risasi," alisema, "hapana potea."

Aciro hakuelewa.

"Siku nane napita, naosha sanduku. Mbao ya chini iko na ufa. Risasi iko ndani, nalala tu." Alionyesha kwa kidole jinsi ilivyolala. "Lakini kitabu nasema imepotea. Fairi yangu nasema Okidi napoteza risasi. Walikuwa nataka kunipa inspekta mwaka ile. Hapana nipa. Hata mwaka ingine, hapana nipa. Kila mukubwa nafungua fairi, naona risasi."

"Na ulipoiona hukurudi kuwaambia?"

Mzee alitikisa kichwa. "Risasi kuzidi nayo ni makosa. Mimi naogopa. Naitupa kwa choo, kule Naguru. Mama yako tu ndiye alijua." Akajifuta uso kwa kile kitambaa cha kiwi, kikamwachia alama nyeusi shavuni. "Siku ile unakuja, nilitaka kusema. Mdomo nakataa."

Jirani alikuwa anatwanga karanga, na sauti ya mchi ilikuja sawasawa, kama hakuna lililotokea. Aciro alitafuta hasira moyoni mwake, na aliipata, nyingi ya kutosha. Lakini alipomtazama mzee na ule weusi shavuni, hakujua aiweke wapi. Miaka thelathini alikuwa amepewa nusu ya hadithi, akaishi kwa nusu ile kama ni sheria.

"Mbona hukutusimulia yote, Baba? Hata mara moja?"

"Nyinyi mulikuwa watoto. Ile nusu ya pili, mungejifunza nini ndani yake?"

Aciro aliinama, akamfuta shavu kwa kidole gumba.

"Kuhesabu mara ya pili," alisema.

Okidi alichukua kiatu cha kushoto, kile kilichokwisha kung'aa, akaanza kukipiga kiwi upya.